Kisigino cha Mogire

Jethro Mogire alikuwa amefika katikati ya kiwanja cha ndege, akipiga kisigino cha gambuti lake chini, hatua kwa hatua, kama mtu anayeua siafu. Alipiga, akasikiliza, akasogea. Ardhi iliporudisha mlio mkavu alisema moyoni, Hapa pagumu. Ilipomeza kisigino kimya kimya, aliinama akachomeka kijiti cha mkaratusi. Jana jioni mvua ya mawe ilikuwa imepiga Magwagwa mpaka majani ya migomba yakabaki matambara, na asubuhi hii vijirundo vya barafu vilikuwa bado havijayeyuka kwenye kivuli cha ua.

Kiwanja chenyewe kilikuwa ukanda wa nyasi mgongoni mwa kilima, umeinama kama paa la nyumba. Ndege zilitua zikipanda na kuruka zikiteremka, kuelekea bonde la majani chai. Juu kabisa kilisimama kibanda cha mabati chenye redio ya kuongea na marubani na betri ya gari ya kuiendesha. Kando ya kiwanja, kwenye mlingoti, ulining'inia mfuko mrefu wa turubai, wazi huku na huku, wa kuonyesha upepo unakotoka. Watu wa sokoni waliuita suruali ya Mogire.

"Mogire! Naona suruali yako imelowa leo!"

Aliyepaza sauti alikuwa Zachariah, mzee wa kanisa la Sabato, akiswaga ng'ombe wake kando ya ua.

"Yangu imelowa mvua, mzee wa kanisa. Hiyo yako je?"

Zachariah alicheka mpaka akakohoa. "Serikali yetu hii kweli imeshiba. Mtu mzima, mwenye mji wake, analipwa kukanyaga nyasi."

"Na wewe ungelipwa kama ungetoa huyo ndama wako kiwanjani."

Mzee alimpiga ndama kwa fimbo, kisha akakaribia ua na kupunguza sauti. "Bathsheba nasikia alilala kule kwa Thadeus."

"Alilala."

"Basi Mungu yupo."

"Yupo," alisema Mogire, akapiga kisigino chini.

Thadeus, mwana wa kwanza wa Mogire, alikuwa kazini Kericho kwenye mashamba ya chai. Mkewe, Orpah, alikuwa nyumbani na mimba yake ya kwanza, na tangu jana alfajiri uchungu ulikuwa umemshika. Mambo hayo Mogire hakuelezwa na mtu. Aliyajua kwa kuona mkewe, Bathsheba, akichukua maji ya moto na vitambaa na kwenda bila kuaga. Barabara ya kwenda hospitali ya Kisii ilikuwa imekatika. Mto ulikuwa umebeba daraja la mbao, na magari yaliishia ng'ambo.

Aliposhuka robo ya chini ya kiwanja, kisigino kilizama. Akajaribu pembeni, kikazama tena, na maji ya rangi ya chai yakajaa tundu. Kila alipoona maji yakijaa hivyo alisikia harufu ya petroli, hata kama hapakuwa na petroli. Mlinzi wa kiwanja aliyemtangulia, Nyamongo, siku moja baada ya mvua alimwambia rubani kwamba kiwanja kiko sawa, naye alikuwa hajatoka kwenye kiti chake cha kibandani. Gurudumu liliingia matope hapo hapo chini, ndege ikapinduka, na Mogire alikuwa miongoni mwa wanaume waliomtoa yule rubani. Alitoka kama gunia lililopasuka. Nyamongo alihamia kwa wajomba zake na hakuonekana tena sokoni. Tangu Mogire aliporithi kazi hiyo, hakuwahi kusema neno moja redioni juu ya mahali ambapo kisigino chake hakikupiga.

Alichomeka vijiti vyake vya mwisho akaanza kupanda kurudi kibandani.

*

Nyanchera alikuwa amesimama nyuma ya ua wa kibanda, mgongo nusu ameugeuza, leso ameivuta mpaka kwenye nyusi.

"Bwakire, Tata," alimwamkia baba mkwe wake.

"Bwakire," alijibu Mogire, akageuza uso wake kwenye mlingoti.

Nyanchera alikuwa mke wa mtoto wa ndugu yake. Kwa hiyo alikuwa mkamwana wake, sawa na Orpah, na kati yake na wote wawili ilisimama chinsoni, ile haya ya wakwe ambayo Mgusii hufundishwa kabla hajajua kuhesabu. Hawakupeana mikono. Mogire hakukanyaga kizingiti cha nyumba ya mwanawe tangu siku ilipoezekwa. Na mambo ya mwili wa mwanamke hayakutajwa na mkamwana mbele ya baba mkwe, hata kwa kuzungukazunguka.

"Mama Thadeus amenituma," alisema Nyanchera.

"Sema."

"Anasema... yule wa kwa Thadeus anaendelea." Sauti ilikwama, ikaanza upya. "Amechoka kidogo."

"Kidogo?"

Ng'ombe wa Zachariah alilia mbali. Mogire aliutazama mfuko wa upepo. Ulikuwa umelegea, unatingishika ncha tu.

"Kidogo, Tata. Mama anasema ndege ikija leo itakuwa vizuri."

"Itakuwa vizuri, au ni lazima?"

Kama angegeuka wakati huo angeona kwamba leso ya Nyanchera ilikuwa imelowa mashavuni, na kwamba mikono yake, aliyoifumbata tumboni, ilikuwa na damu iliyokauka kwenye kucha. Lakini hakugeuka. Mtu mwenye heshima zake hakumkodolea macho mkamwana.

"Itakuwa vizuri," alisema Nyanchera.

"Haya. Mwambie nimesikia."

Alisikia nyayo zake zikiondoka, kwanza polepole, halafu mbio.

*

"Magwagwa, Magwagwa. Unanipata?"

Sauti ya Kapteni Lobo iliingia ikiwa imevikwa mikwaruzo. Alikuwa Mgoa wa Nairobi, rubani wa ndege ya daktari, na Kiswahili chake kilikuwa cha haraka, cha mtu asiyependa kupoteza betri ya mwenzake. Mogire alibonyeza kitufe.

"Nakupata, Kapteni."

"Nipe habari."

Mogire alizitoa kwa mpango wake wa kila siku, bila kuruka. Mawingu yamekaa juu ya vilima upande wa Manga, lakini upande wa ziwani kweupe. Upepo hafifu, unatoka ziwani. Kiwanja, nusu ya juu ni ngumu, chini ya mlingoti ni pagumu bado, robo ya chini ni laini, gurudumu litazama. Ng'ombe wametolewa.

"Robo nzima?"

"Nzima."

Redio ilikoroma kidogo. "Sasa sikiliza, mzee. Nina mtoto ameumwa na nyoka kule upande wa Sotik, wananingoja. Nilikuwa nipitie kwako baadaye. Lakini kwa kiwanja hicho, ni heri ningoje kikauke, nije kesho. Wewe una mgonjwa?"

"Niko na mwanamke wa kujifungua."

"Hali yake?"

Akasimama na kitufe kidoleni. Alimkumbuka Nyanchera nyuma ya ua, si uso wake, sauti tu.

"Nimeambiwa anaendelea. Amechoka kidogo."

"Anaweza kungoja kesho?"

Hakuna aliyemwambia kwamba hawezi. "Nafikiri anaweza."

"Sawa. Kesho asubuhi mapema. Mungu akipenda na hicho kiwanja chako kikipenda."

Mikwaruzo ikakatika. Mogire alifunika redio kwa gunia, akakaa juu ya kopo la rangi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakujua miguu yake aielekeze wapi. Kitu kilikuwa kinamkereketa, kama punje ya mtama kwenye jino. Alijaribu kukitafuta akakikosa. Alichukua jembe akaenda kufungua mfereji wa pembeni ili maji ya chini yapate pa kutokea.

*

Jua lilikuwa limepanda vizuri Cleophas alipotokea. Alikuwa dresa wa dispensari ya Magwagwa, kijana mnene, mpole, anayejulikana kwa kubembeleza watoto wakati wa sindano. Leo alikuja akikimbia, suruali imekunjwa magotini, shati limemganda.

"Ndege iko wapi, mzee?"

"Inakuja kesho."

"Kesho!" Cleophas alishika kiuno, akahema. "Kesho ya nini? Nani amesema kesho?"

"Kiwanja ni laini. Na mgonjwa niliambiwa anaendelea tu, amechoka ki..."

"Mkono wa mtoto umetangulia kutoka!"

Mogire aliinua kiganja kana kwamba amerushiwa jiwe. "Usiniambie hayo. Huyo ni mkamwana wangu."

"Mkamwana wako anakufa, mzee wangu." Cleophas hakupaza sauti tena, na hapo ndipo Mogire alipoogopa kweli. "Mtoto amekingama tumboni. Mimi sina kisu cha kazi hiyo wala sina ujuzi wake. Anatakiwa kupasuliwa leo. Mama Thadeus alimtuma Nyanchera tangu asubuhi aje akwambie hivyo hivyo nilivyokwambia."

"Alikuja."

"Akasemaje?"

Ile punje ya mtama Mogire aliiona sasa, kubwa kama jiwe la kusagia. Kila asubuhi alitembea kiwanja chote kwa miguu yake ili asiseme redioni jambo la kuambiwa. Na leo, katika habari moja iliyokuwa ya damu yake, alisimama akiangalia turubai na kupokea maneno ya mtu aliyefungwa ulimi na desturi ile ile iliyomfunga yeye shingo.

Alilitupa jembe akakimbilia kibandani.

Aliita mara nyingi. Redio ilijibu kwa upepo mtupu. Cleophas alisimama mlangoni akipangusa jasho, akitazama upande wa Manga, ambako mawingu yalikuwa yameanza kujenga minara. Hakuna mtu wa kule asiyejua maana yake. Alasiri yangeshuka na mawe.

"...gwagwa, ni nani?"

"Kapteni! Ni Mogire. Yule mgonjwa hawezi kungoja. Asubuhi nilikwambia vibaya."

"Vibaya vipi?"

"Nilisema nilivyoambiwa. Sikwenda kuona."

Nyuma ya mikwaruzo injini ilinguruma. Lobo alikuwa angani tayari na yule mtoto aliyeumwa na nyoka, akielekea Kisumu.

"Naona mawingu yenu kutoka huku," alisema Lobo. "Sina muda mwingi. Ile robo ya chini, imekauka? Nenda uangalie kisha uniambie. Nazungukia upande wenu."

Mogire aliteremka kiwanja akikimbia kama hajawahi kukimbia tangu ujana. Cleophas alimfuata. Walipofika kwenye vijiti, Mogire alipiga kisigino. Kikazama. Akasogea, akapiga, kikazama. Jua lilikuwa limekausha ngozi ya juu tu, kama utando wa maziwa.

"Pamekauka, si ndiyo?" alisema Cleophas. "Angalia, hata nyasi zimenyanyuka."

"Juu juu. Ndani bado."

"Mzee, mwambie pamekauka."

Mogire alimtazama.

"Mwambie tu! Akisikia pabaya hatakuja. Akija, atatua. Hawa watu ni mafundi."

"Na asipotua salama?"

"Ukisema ukweli Orpah anakufa kwa hakika. Ukisema lile neno, labda."

Halikuwa shauri la kijinga, na Mogire hakulidharau. Alilishika akalipima. Neno moja. Pamekauka. Hakuna mwenye kisigino cha kumsuta. Aliyaona magurudumu yakigusa matope, pua ya ndege ikichimba chini, mtoto wa watu ndani yake akiwa na sumu mwilini. Kisha akamwona Orpah, lakini hakujua amwoneje, kwa kuwa hakuwahi kumtazama vizuri usoni. Alimjua kwa mgongo, na kwa sauti ya kupepeta mtama nyuma ya nyumba.

"Rudi ukamlete," alimwambia Cleophas. "Wabebeni sasa hivi, wewe na vijana wote utakaowapata. Mimi nitasema kilichopo."

"Na akikataa?"

"Atakuwa amekataa kilichopo."

*

Lobo hakukataa. Hakukubali pia. Aliuliza wapi hasa ugumu unaanzia.

"Hatua chache chini ya mlingoti. Kuanzia hapo mpaka kibandani ni pagumu, nimepapiga mwenyewe."

"Ni pafupi."

"Ni pafupi, Kapteni."

"Lakini ni mlima, utanisimamisha. Nikiwa juu siwezi kuona vijiti vyako. Niwekee alama nyeupe, kubwa, pale laini inapoishia. Mashuka, magunia, chochote. Nisipoiona, naenda zangu Kisumu. Umenielewa?"

Mashuka meupe yalikuwa ya watu wa Kisii mjini. Magwagwa watu walilalia blanketi za kijivu. Mogire alizunguka na macho kijiji kizima, kisha akakimbilia ua alikokuwa Zachariah na ng'ombe wake.

"Mzee wa kanisa. Ufunguo wa kanisa uko nawe?"

"Uko."

"Nataka majoho ya ubatizo."

Zachariah alidhani ni mzaha akatabasamu, halafu tabasamu likamfia. "Ya nini?"

"Ya kutandaza kiwanjani, ndege ione."

"Majoho ya Bwana? Matopeni?"

"Kwani hayaingii mtoni na watu wenye dhambi?"

Siku nyingine Zachariah angeyabishania hayo mpaka Sabato ijayo. Lakini kutoka njia ya kwa Thadeus kilisikika kilio cha mwanamke, si kikubwa, cha mtu aliyeishiwa nguvu za kulia, na wanaume wakipokezana sauti, "Polepole! Inua huko!" Mzee alilegeza fimbo ikaanguka.

"Ng'ombe wangu waangalie wewe," alisema, akaondoka mbio, mikono ikipapasa mfuko wa koti.

Walipomaliza kuyatandaza, majoho yalikata kiwanja kama mstari wa chaki. Zachariah mwenyewe alipiga magoti akiweka mawe juu ya mikono ya majoho, moja moja, midomo ikichezacheza. Aliomba au aliwalaani waliojenga lile daraja lililobebwa na mto, hakuna aliyejua. Upande wa Manga ngurumo ilijikunja.

*

Ndege ilitokea kwenye upande mweupe wa ziwa, ndogo kama nyigu. Ilizunguka mara moja. Mogire alisimama chini ya mlingoti, kofia kifuani. Ilishuka, ikapita juu ya majani chai, ikapita juu ya matope chini chini hata vijiti vikatikisika, na wakati kila mtu alipodhani itagusa, ikajizuia. Ikavuka majoho. Ndipo magurudumu yakashika nyasi, yakaruka, yakashika tena, na kilima kikaipokea.

Wanaume walifika na mgonjwa juu ya mlango uliong'olewa kwenye nyumba yake. Bathsheba alitembea kando, mkono ndani ya blanketi, amemshika Orpah. Lobo aliruka chini, mtu mfupi mwenye mvi, akafungua mlango wa nyuma. Ndani, mwanamke wa Kikipsigis alikuwa amepakata mtoto mwenye mguu uliovimba, na muuguzi alikuwa anatupa nje masanduku ili kupunguza uzito.

"Haraka," alisema Lobo, akiangalia mawingu. "Haraka, jamani."

Mogire alikuwa amegeuza uso kwa mazoea. Kijana mmoja aliyeshika pembe ya mlango aliteleza goti moja, mlango ukainama, na Bathsheba akapiga yowe. Hapakuwa na mtu wa karibu zaidi. Mogire alidaka ile pembe, akainua, na mkono uliotoka kwenye blanketi ukamkamata kifundo cha mkono. Ulikuwa wa moto kama jiwe la jikoni.

Akamtazama. Alikuwa na uso mdogo, wa kijivu, midomo imepasuka.

"Tata," alisema Orpah. "Nisamehe."

Alikuwa anaomba radhi kwa kumshika baba mkwe. Wanaume wote walisikia, na kila mmoja akatafuta pa kutazama.

"Shika," alisema Mogire. "Shika tu, mama. Usiachie."

Walimwingiza hivyo hivyo, na ilibidi muuguzi afumbue vidole vile kimoja kimoja. Bathsheba alikwishaweka mguu kwenye kipandio.

"Mama, hapana," alisema Lobo. "Hakuna nafasi."

"Nitakaa chini. Mimi ni mwepesi."

"Si kukaa. Ni uzito. Robo ya njia yangu imeliwa na matope."

"Ataamkia kwa nani? Hajui hata Kiswahili vizuri! Mwanangu, mimi ni mama mkwe wake, atamwita nani?"

Lobo alimtazama Mogire kama anayeuliza hali ya hewa. Mogire alimshika mkewe mabega akamshusha. Bathsheba hakupigana, alilegea tu, na hilo lilikuwa gumu zaidi kubeba.

Ndege iligeuka kuelekea bondeni. Mfuko wa upepo ulikuwa umejaa sasa, upepo wa ziwani ukiupanda mlima kuja kuilaki. Ilianza kukimbia kuteremka, ikapita mlingoti, ikayaelekea majoho, na magurudumu yalikuwa bado chini. Mtu alisema, "Yesu." Kisha mwanga mwembamba ukaonekana kati ya gurudumu na nyasi, mwembamba kama uzi, na majoho mawili yakapeperuka kutoka chini ya mawe yao, yakabingirika matopeni. Ndege ilizama kuelekea majani chai, ikapotea kwenye macho yao, halafu ikainuka mbali, ikiyumba. Wingu likaifunika.

Jiwe la kwanza la mvua lilipiga mabati ya kibanda.

*

Walikaa kibandani, Mogire, Bathsheba na Zachariah, huku mawe yakipiga mabati kiasi kwamba hakuna aliyeweza kusema na mwenzake. Cleophas alikuwa amekwenda kunawa mikono mvuani na hakurudi. Redio ilitoa mikwaruzo kila radi ilipopiga. Mogire aliitazama bila kupepesa. Aliliona lile wingu tena na tena, na ndani ya wingu kila mara ndege ilikuwa inafanya jambo tofauti.

Mvua ilipopungua ndipo sauti ikaja, ya mbali, imechoka.

"Magwagwa. Tumetua Kisumu."

Mogire alibonyeza kitufe kwa vidole viwili, kwa kuwa kimoja hakikutosha. "Mgonjwa?"

"Ameshuka akiwa hai. Wameingia naye ndani."

"Na mtoto?"

"Sijaambiwa, mzee. Sitaki kukudanganya. Sikiliza, kesho asubuhi narudi kuchukua masanduku yangu. Nikiweza kutumia kiwanja chote nitambeba mama mkwe wake. Kwa kile kifupi siwezi tena. Leo nimeomba sana."

"Kesho asubuhi nitakupa habari ya kiwanja."

Alizima redio. Bathsheba alikuwa amesimama, mikono imekamata leso kifuani. Hakuwa amefuata yote. Kiswahili cha Lobo kilikuwa cha haraka mno, na mikwaruzo ilikuwa imekula nusu.

"Amesemaje?"

Zachariah alimtupia Mogire jicho na kutikisa kichwa kidogo, jicho la mtu mwema: mpe kitu cha kulalia. Mogire aliliona. Neno lilikuwa tayari ulimini, laini, linateleza. Anaendelea vizuri. Amechoka kidogo.

"Amefika akiwa hai," alisema. "Wamemwingiza ndani. Mtoto hakumtaja kwa sababu hajui. Zaidi ya hapo sina."

Bathsheba alikaa chini juu ya kopo la rangi. Hakulia. "Huna," alisema.

"Sina. Lakini kiwanja kikiwa kigumu chote, kesho utakwenda."

Bathsheba aliinuka akajifunga leso kiunoni. "Jembe liko wapi?"

Walishuka wote robo ya chini. Zachariah aliita watu, na watu wakaja na makarai na vikapu, wakibeba mawe kutoka ukingo wa barabara na changarawe kutoka kwenye shimo ambalo machifu walichimbisha kwa ajili ya barabara. Walitupa mawe makubwa kwanza, yakamezwa, wakatupa mengine. Hakuna aliyetaja suruali ya mtu. Watoto wa shule ya Sabato walikusanya majoho, mazito kwa matope, wakayatundika kwenye ua wa kiwanja.

Nyanchera alikuja na kikapu kichwani. Alipofika karibu na Mogire alisimama, uso ameuinamisha.

"Tata, mama alinipa maneno yote. Nilishindwa kuyatoa."

"Najua," alisema Mogire. "Na mimi nilishindwa kukuuliza." Alipokea kikapu kutoka mikononi mwake, jambo ambalo asubuhi asingelifanya, na akamwaga changarawe.

Jua lilizama nyuma ya majani chai wakiwa wamejaza kama nusu. Watu walianza kunyoosha migongo na kutafuta viatu vyao. Bathsheba peke yake aliendelea kutupa mawe mpaka Mogire akamshika mkono.

"Hatuoni tena tunakotupa."

"Alfajiri?"

"Alfajiri."

Alirudi nyuma, kwenye mwisho wa changarawe, akapiga kisigino. Palirudisha mlio. Akasogea hatua moja mbele, akapiga, kisigino kikazama, maji yakajaa. Aliinama gizani akapapasa kijiti mfukoni, akakichomeka hapo, ili kesho wajue pa kuanzia.